Injini ya kale inatoa moshi, inagonga au inakwama: ifuate oili kabla ya kununua ringi

Kabla hujaagiza ringi mpya za pistoni, lala chini ya gari. Kama ni Ford Model T, utakuta koki mbili ndogo nyuma ya injini, upande wa chini wa nyumba ya fulaiwili (gurudumu zito la injini), moja juu ya nyingine. Hiyo ndiyo geji yako ya oili. Hakuna kijiti cha kupimia, wala taa nyekundu kwenye dashibodi. Ukifungua ya juu na oili ikatiririka, imejaa. Ukifungua ya chini na kisitoke kitu, usiiwashe hiyo injini hata kwa dakika moja. Injini nyingi nilizoletewa kwa madai kwamba "pistoni zimekufa" shida yake ilianzia hapo: mwenyewe hakujua koki ziko wapi, au alizikuta zimezibwa na matope akaziacha hivyo hivyo.

Maelezo haya ni ya magari yaliyotengenezwa kabla ya 1930 hivi. Nitaegemea zaidi Model T kwa sababu kati ya 1908 na 1927 zilitoka zaidi ya milioni 15, na katika magari ya rika hilo ndilo fundi anaweza kukutana nalo kwa urahisi. Lina silinda nne zenye kipenyo cha milimita 95, mwendo wa pistoni ni milimita 102, jumla lita 2.9, na nguvu farasi 20 basi. Ukilielewa hili, wenzake hawatakusumbua sana.

Fundi aliyelelewa na injini zenye pampu ya oili ana mazoea ambayo hapa yatampoteza. Yeye akiona moshi wa bluu anawaza ringi, akisikia mgongo, yaani mlio wa kugonga, anawaza metali za beringi. Kwenye injini hizi ringi na metali mara nyingi ni majeruhi tu. Mkosaji ni oili iliyozidi mahali pamoja na kupungua pengine, au nafasi kati ya pistoni na silinda ambayo haikuhesabiwa vizuri. Ukibadilisha majeruhi na kumwacha mkosaji ndani, kazi itakurudia.

Oili inafikaje kwenye pistoni?

Jibu swali hili kwanza, kwa sababu dalili ileile ina maana tofauti kwenye injini tofauti.

Magari ya mwanzo kabisa yalikuwa na chombo cha oili mbele ya dereva, chenye vioo vidogo vya kuonyesha matone yakidondoka. Dereva alihesabu matone huku akiendesha, akifungua au kukaza skrubu kadiri alivyoona inafaa. Oili ile haikurudi tena: iliungua au ilimwagika barabarani. De Dion-Bouton za silinda moja kutoka Ufaransa zilikuwa na pampu ya mkono. Dereva akisahau kusukuma, injini inakauka. Akisukuma mara mbili kwa woga, anaacha wingu nyuma yake. Ukikuta gari la namna hii linatoa moshi, usifungue injini. Muulize kwanza anayeliendesha anasukuma mara ngapi.

Kisha ikaja njia ya kurusha. Kwenye Model T hakuna pampu ya oili hata moja. Fulaiwili iliyobeba sumaku za kuzalishia umeme inazunguka ndani ya oili iliyoko nyuma na kuirusha juu. Kiasi kidogo kinadakwa na faneli, kinateremka kwa bomba jembamba hadi mbele kwenye gia za taimingi, kinamwagika kwenye kibirika (kijisinia cha oili) kilicho chini ya konrodi ya kwanza, ule mkono unaounganisha pistoni na krankishafti, na kutoka hapo kinarudi nyuma kibirika kwa kibirika. Kila konrodi inapopita chini inaichota ile oili na kuitawanya kama ukungu. Ukungu huo ndio unaolainisha kuta za silinda, pini za pistoni na kila kitu kingine. Hakuna mahali popote kwenye safari hiyo ambapo oili inapimwa.

Kusukuma oili kwa pampu moja kwa moja hadi kwenye beringi hakukuwa siri. Albert Pain wa Belliss & Morcom kule Birmingham alipata hataza ya njia hiyo mwaka 1890, kwa injini za mvuke. Magari ya bei yaliichukua mapema, ya bei nafuu yakachelewa, mengine mno: Chevrolet ya silinda sita iliyoanza 1929 iliendelea kutumia konrodi za kuchota oili, pamoja na pistoni za chuma cha kusubu, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo mtu akikuambia gari fulani ni la zamani "kwa hiyo lina moshi", usikubali upesi. Njia ya kurusha ikiwa safi inafanya kazi.

Dalili: moshi wa bluu

Una bahati moja. Injini nyingi za wakati huo zina vali pembeni ya silinda, si juu. Kwenye gari la leo oili inaweza kushuka kupitia gaidi za vali (miongozo ambamo vali huteleza). Hapa vali ziko chini, na juu yake hakuna oili ya kushuka. Basi oili ikiungua, karibu kila mara imepanda kupitia pistoni. Kinachobaki ni kujua kwa nini imepanda.

Tazama moshi unatoka lini. Ukitoka muda wote kwa kiasi kilekile, pima oili kwanza kwa koki. Iliyozidi inajaza vibirika, konrodi zinapiga ndani yake kama mtu anayeogelea, na hakuna ringi ya wakati ule iliyoweza kuzuia mafuriko hayo. Punguza hadi kati ya koki mbili, endesha siku mbili, ndipo uhukumu.

Ukitoka pale unapokanyaga baada ya kuteremka mlima mrefu, au baada ya kuiacha injini ikinguruma polepole kwa muda, hiyo ni ringi inayoruhusu oili kunyonywa. Ukifunga hewa kwenye kabureta, ndani ya silinda kunakuwa na mvuto, na oili inakwea ukuta ikipita ringi. Ukikanyaga, yote inaungua kwa pamoja.

Dalili hii iliwahi kuhatarisha maisha ya watu. Vifaru vya kwanza vya Uingereza vya mwaka 1916 vilitumia injini ya Daimler isiyo na vali za kawaida, bali mikono ya chuma inayoteleza juu na chini ndani ya silinda, na mikono hiyo ilihitaji oili nyingi. Kifaru kikingoja kimejificha huku injini ikinguruma, kisha dereva akakanyaga, wingu la bluu lilimwonyesha adui kilipo. Mhandisi Harry Ricardo alipoombwa kuchora injini mpya, alikwenda kwenye umbo la pistoni lenyewe: akaipa sehemu ya chini inayoteleza kwenye mwongozo wake, ili msukumo wa pembeni usibebwe na ukuta wa silinda. Hivyo ukuta wa juu ukahitaji oili kidogo tu, na moshi ukaisha. Injini hiyo ya nguvu farasi 150 ndiyo iliyofungwa kwenye kifaru cha Mark V. Huwezi kuifunga kwenye gari lako, lakini jinsi alivyofikiri inafaa kuigwa: hakuongeza ringi, alipunguza oili mahali ambapo haikuhitajika.

Sasa toa plagi zote nne, uzipange kwenye kitambaa kwa mpangilio wake. Zikiwa zimelowa oili sawasawa, zungumzia ringi au oili iliyozidi. Ikiwa ya nyuma imelowa na ya mbele ni kavu, imekuwa nyeupe kama majivu, basi bomba la ndani halipeleki oili mbele, au gari hili linapanda milima mingi na oili yote inakaa nyuma. Ringi mpya hazitasaidia. Ruka uende kwenye sehemu ya mgongo.

Ukilazimika kutoa hedi (kifuniko cha juu ya silinda), pima silinda kwa ringi yenyewe. Chukua ringi moja, iingize kwenye silinda, isukume kwa pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa bila kuinama. Ishushe hadi karibu na chini kabisa, ambako pistoni haikuchakaza, na upime mdomo wake (mwanya kati ya ncha zake mbili) kwa fila gaji, yaani bapa nyembamba za kupimia mianya. Tuseme umepata milimita 0.4. Ipandishe hadi sentimita chache kutoka juu, upime tena. Tuseme umepata 1.3. Tofauti ni 0.9, igawanye kwa 3.14 na utajua kwamba silinda imepanuka karibu milimita 0.29 kwa kipenyo. Kwa silinda hiyo ringi mpya ni pesa ya bure: kila pistoni inapopanda ringi inafunguka, ikishuka inajifunga, mara maelfu kwa dakika chache, na oili inapita. Ichongwe, ifungwe pistoni za ovasaizi, yaani kubwa kidogo kuliko za awali. Kwa silinda nzuri ya milimita 95, mdomo wa ringi uwe kati ya 0.3 na 0.4.

Pitisha ukucha sehemu ya juu kabisa ya silinda. Ukikwama kwenye kidaraja, hapo ndipo ringi ya zamani ilipoishia. Ringi mpya yenye ukingo mkali itakigonga na kuvunjika, au itavunja pistoni. Kikwanguliwe kwanza.

Pistoni nyingi za mwanzo zilikuwa na ringi za kuzuia gesi tu. Baadaye mafundi walijifunza kuchonga mteremko chini ya ringi ya mwisho na kutoboa mstari wa matundu madogo hadi ndani ya pistoni, ili oili iliyokwanguliwa ipate pa kurudi. Matundu hayo yakiziba kwa masizi, ringi ya kukwangua haina kazi tena. Yatoboe kwa waya, usiyapanue. Na kama ringi ina ukingo uliokatwa mshazari, ukingo mkali uangalie chini. Ukiifunga kichwa chini inakuwa pampu: kila ikipanda inabeba oili. Nimefungua injini iliyofungwa upya ikiwa na zote nne kichwa chini. Mwenye gari alikuwa ameshaambiwa kuwa "magari ya zamani ndivyo yalivyo".

Dalili: mgongo

Usikimbilie kutoa sampu (bakuli la oili chini ya injini). Model T inakupa kipimo ambacho gari la leo halina. Kwenye dashibodi kuna sanduku lenye koili nne, kila silinda na yake, na kila koili ina kibapa kinachotetemeka na kulia kama nzi kwenye chupa. Injini ikiwa inanguruma taratibu, kandamiza kibapa kimoja kwa kijiti kikavu. Silinda hiyo inazima. Sikiliza. Kama mgongo umepungua au umetoweka, umempata mwenyewe. Achia, nenda kwa wa pili.

Baada ya hapo tofautisha sauti. Mgongo wa kina, kama kugonga ubao, unaosikika injini ikiwa baridi na kupungua ikipata joto, ni pistoni inayopiga ukuta: nafasi ni kubwa, na ikipata joto pistoni inajaa. Si hatari ya leo. Mlio mwepesi wa mara mbili, tik-tik, injini ikiwa haina mzigo, ni pini ya pistoni. Kwenye Model T pini hubanwa kwenye konrodi kwa boliti na kuzunguka ndani ya bushi za pistoni, kwa hiyo chunguza bushi, kisha chunguza boliti. Boliti hiyo ikilegea, pini inatembea pembeni na kuchora mfereji kwenye ukuta wa silinda ambao hauponi ila kwa kuchonga.

Mgongo unaotisha ni ule unaosikika zaidi unapoachia mafuta baada ya mwendo, kama mtu anayebisha hodi kwa haraka. Hiyo ni metali ya konrodi. Zima.

Kwa nini ni konrodi ya mbele mara nyingi? Rudi kwenye safari ya oili. Inatakiwa iteremke kutoka nyuma hadi mbele kwa uzito wake tu. Gari likipanda mlima, mbele inakuwa juu. Bomba linapoteza mteremko wake na vibirika vinamwaga oili kuelekea nyuma. Kwa dakika kadhaa konrodi namba moja inachota hewa, na hizo ndizo dakika ambazo injini ina mzigo mkubwa kuliko wakati wote. Metali nyeupe, mchanganyiko wa bati, antimoni na shaba uliobuniwa na Isaac Babbitt mwaka 1839, inaanza kuyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 240. Haihitaji muda mrefu. Ukikuta vipande vinavyong'aa kama magamba ya dagaa kwenye oili ya sampu, metali hiyo imeshaondoka.

(Wenye Model T walizoea kupanda milima mikali kinyumenyume, kwa sababu kwenye nyingi tangi liko chini ya kiti na petroli inateremka tu bila pampu; mbele ikiinuka, kabureta inakosa mafuta. Waliokuwa wakifanya hivyo walikuwa pia wanaiokoa konrodi ya kwanza, wajue wasijue.)

Lakini mlima peke yake hauui injini iliyo nzima. Kinachoua ni mlima pamoja na bomba lililoziba. Gia za Model T hukazwa kwa mikanda iliyofunikwa kitambaa cha pamba, nayo iko kwenye oili hiyohiyo ya injini. Mikanda ikichakaa, nyuzi zake zinaelea kama sufi, zinanaswa kwenye faneli, zinashikana na masizi, na ndani ya bomba kunakuwa na kitu kama utambi. Injini bado inapata oili nyuma. Koki bado zinaonyesha imejaa. Mbele ni kukavu.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kulaumu mtu yeyote: sampu ikiwa imefunguliwa, mimina mafuta ya taa kwenye faneli na uangalie mbele. Yatoke kwa mkondo, si kwa matone. Yasipotoka, pitisha waya laini kutoka mbele kurudi nyuma ili uzibo urudi ulikotoka, kisha suuza. Angalia pia kwamba bomba halijapinda karibu na krankishafti. Likigongwa kidogo linabonyea na kipenyo kinakufa. Zamani ziliuzwa bomba za nje zenye kipenyo kikubwa zaidi kwa ajili ya shida hii, na kama gari lako linaishi milimani, ni pesa iliyotumika vizuri.

Hapa nitatofautiana na mafundi wengi. Injini ya zamani inapogonga, ushauri wa kwanza gereji ni "weka oili nzito". Kwenye injini ya pampu labda inaficha mlio kwa muda. Kwenye Model T ni kosa. Oili inayosafiri kwa uzito wake tu ndani ya bomba jembamba, asubuhi ya baridi, ikiwa nzito kama asali, itafika mbele ukiwa umeshatoka getini. Dalili yake utaiona: ukizungusha hendeli ya kuwashia, gari linataka kukusogelea, kwa sababu oili nzito imeshikanisha sahani za klachi. Tumia 10W-30 au SAE 30.

Kuna mgongo mwingine usiohusu metali: mlio mkavu wa chuma unapopanda mlima, unaotoweka ukirudisha taimingi ya moto nyuma kwa wenzo ulio chini ya usukani. Hayo ni masizi yaliyojikusanya juu ya pistoni, yanayowaka kama kaa na kuwasha mafuta kabla ya wakati. Toa hedi, kwangua. Oili iliyozidi ndiyo iliyoleta masizi, kwa hiyo rudi kwenye koki.

Dalili: injini inapoteza nguvu ikiwa moto, kisha inakwama

Dalili hii huja zaidi baada ya matengenezo, na karibu kila mara neno "aluminiamu" limo kwenye simulizi.

Pistoni za kwanza zilikuwa za chuma cha kusubu, sawa na silinda. Zilipanuka pamoja, zilidumu, lakini zilikuwa nzito. Kwenye Model T inayozunguka mara 1,600 kwa dakika, pistoni ikifika juu inavutwa kwa nguvu inayozidi mara 150 ya uzito wake. Ukiongeza mzunguko mara mbili, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Ndiyo maana mzunguko haukuweza kupanda.

Mwaka 1913 W. O. Bentley, aliyekuwa akiuza magari ya DFP kule London, alikwenda kwenye kiwanda chao Courbevoie, Ufaransa, akaona juu ya meza kipande cha kukandamizia karatasi chenye umbo la pistoni, kimetengenezwa kwa aluminiamu. Akawaomba wamtengenezee pistoni za kweli kwa mchanganyiko wa aluminiamu asilimia 88 na shaba 12. Magari yake yakaanza kushinda mashindano. Vita vilipoanza mwaka uliofuata aliwapa ujuzi huo watengenezaji wa injini za ndege, Rolls-Royce na Sunbeam wakiwemo. Aluminiamu ni nyepesi, na inapitisha joto karibu mara tatu ya chuma cha kusubu, kwa hiyo kichwa cha pistoni hakiwi kaa la moto.

Shida ni kwamba inapanuka mara mbili. Fanya hesabu hii kwa penseli. Pistoni ya milimita 95 inapanda kutoka nyuzi 25 hadi 150 kwenye sketi yake (sehemu ya pistoni iliyo chini ya ringi), na silinda ya chuma inapanda hadi 90. Pistoni ya chuma inaongezeka milimita 0.13, silinda 0.07: unahitaji nafasi ya 0.06 na kidogo ya oili. Pistoni ya aluminiamu inaongezeka 0.27: unahitaji 0.20 na kidogo ya oili.

Niliwahi kuletewa gari la kale ambalo mwenyewe alikuwa ameliwekea pistoni za aluminiamu za mtindo wa zamani, sketi nzima isiyo na mpasuo. Aliyechonga silinda alikuwa fundi mzuri, mwenye maikromita safi, na aliacha 0.08 kama alivyozoea kwa chuma. Gari lilitembea vizuri kwa dakika 20 mjini. Kwenye mlima wa kwanza likaanza kuzubaa, kama mtu amevuta breki, kisha likasimama. Hendeli haikuzunguka. Baada ya nusu saa kivulini ikazunguka kwa kidole, na mwenyewe akaamini shida imeisha. Alirudia mara tatu.

Nilipotoa pistoni, alama zilikuwa mahali panne, mbili kila upande wa matundu ya pini. Jifunze kusoma alama hizi. Mikwaruzo ya pembe nne karibu na pini inasema nafasi ni ndogo: hapo ndipo nyama ya chuma ni nene na ndipo panapopanuka zaidi. Mikwaruzo kwenye nyuso mbili tu zinazosukumwa pembeni inasema oili ilikosekana. Mikwaruzo inayoanzia juu kwenye ringi na kuzunguka pistoni nzima inasema joto lilipita kiasi: tazama maji, au taimingi iliyochelewa mno.

Wahandisi wa miaka ya 1920 hawakupenda kuacha 0.20, kwa sababu pistoni hiyo inagonga kila asubuhi kama fundi seremala. Wakapasua sketi kwa urefu ili ijikunje yenyewe. Wakakata mifereji ya kulala chini ya ringi ili joto la kichwa lisishuke kwenye sketi. Wengine walisubu ndani ya pistoni vipande vya Invar, chuma chenye nikeli ambacho karibu hakipanuki kabisa, kile kilichogunduliwa na Charles Édouard Guillaume mwaka 1896 na kumpatia Nobeli ya fizikia mwaka 1920. Wengine wakaichonga sketi iwe yai kidogo, nyembamba upande wa pini, ili ikipata moto iwe duara. Njia hii ya mwisho ndiyo unayoiona kwenye pistoni yoyote leo.

Kwa hiyo ukinunua pistoni za aluminiamu kwa injini ya kale, usiulize tu kipenyo. Uliza sketi imepasuliwa au haikupasuliwa, ni duara au yai, na mtengenezaji anataka nafasi kiasi gani, upime wapi. Pistoni yenye umbo la yai hupimwa pembe mraba na pini, chini ya sketi. Ukiipima upande wa pini utadhani nafasi ipo tele, utachonga silinda ndogo, na utakwama mlimani kama yule. Ikiwa sketi ina mpasuo, mpasuo ukae upande usiosukumwa wakati wa kuwaka.

Dalili: hendeli nyepesi

Zungusha hendeli polepole, umeme ukiwa umezimwa, na uhesabu ukinzani kila nusu mzunguko. Usitegemee upinzani wa gari la leo. Kompresheni ya Model T ni karibu 4 kwa 1. Unachotafuta ni silinda moja iliyo laini kuliko wenzake. Mwagia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, zungusha tena. Ikikaza, ni ringi. Isipobadilika, ni vali au gasketi.

Ringi haimaanishi ringi iliyochakaa. Mara nyingi imeganda ndani ya mfereji wake, hasa gari likiwa limelala miaka mingi, au kama mtu aliwahi kutumia mafuta ya mbarika, yale wengine wanayaita nyonyo. Yalipendwa sana kwenye injini za mashindano kwa sababu yanashika kwenye joto kali, na jina la Castrol, lililoanza 1909, lilitokana na jina la Kiingereza la mafuta hayo. Lakini yakikaa yanakuwa gundi. Mimina mafuta ya taa kwenye silinda jioni, uyaache usiku kucha, uzungushe asubuhi. Kisha mwaga oili yote ya sampu, kwa sababu mafuta ya taa yameshuka huko.

Dalili: oili inaongezeka yenyewe

Koki ya juu ilikuwa kavu Jumamosi, Jumatano inatiririka, na hukuongeza kitu. Usifurahi. Petroli inapita kando ya ringi wakati wa kuwasha kwa baridi, choki ikiwa imevutwa, na inashuka kwenye oili. Chukua tone kwenye karatasi, linuse. Linanuka petroli na linasambaa kwa haraka kuliko oili safi. Mwaga, jaza upya, na upunguze choki.

Siku ya kuwasha baada ya kufunga

Vibirika viko tupu na bomba lina hewa. Ukiwasha hivyo, konrodi ya kwanza itazunguka kavu hadi oili ifike. Kabla ya kufunga hedi pakaza oili kwenye kuta za silinda. Kabla ya kufunga kifuniko cha chini jaza vibirika kwa mkono. Plagi zikiwa nje, zungusha hendeli taratibu mara 40 au 50, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vingine, hata kama hakuna moto. Mazoea hayo ndiyo yatakayookoa mkono wako siku injini itakaporudi nyuma. Washa, iache inguruma dakika tano kwenye sakafu iliyo sawa, uzime, usubiri oili iteremke. Rudi chini ya gari na ufungue koki ya juu. Itatoa kidogo, kisha itaanza kudondosha tone moja moja. Funga hapo.